Pikapu ya zamani haihitaji honi ya lori

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wenye pikapu za zamani, na zaidi na mafundi wenzangu wa umeme wa magari. Siku hizi imekuwa desturi: pikapu ikishakula miaka na honi yake ikaanza kukoroma, mwenyewe anakwenda kununua honi ya upepo ya lori, fundi anaifunga, wanaagana kwa furaha. Mimi sifurahii. Gari dogo linalolia kama lori linamdanganya anayelisikia, na mara nyingi kasoro yenyewe inabaki humohumo ndani ya gari.

Ndani ya honi ya umeme mna sumaku ya umeme, utando wa chuma na platini ndogo, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme. Umeme ukipita, sumaku inauvuta utando. Utando ukivutwa, platini zinaachana na umeme unakatika. Utando unarudi, platini zinagusana tena. Hayo hutokea mara 400 hadi 500 hivi kwa sekunde, na ndiyo sauti tunayoisikia. Honi iliyopunjwa umeme haitalia vizuri hata kama umeitoa kwenye boksi leo asubuhi.

Na pikapu ya zamani ina njia nyingi za kuipunja honi yake. Zipo zisizo na rilei ya honi kabisa, yaani swichi ya pembeni inayobeba umeme mwingi wa honi badala ya swichi ya usukani, kwa hiyo umeme wote unapita kwenye swichi ya usukani iliyochakaa, kisha kwenye nyaya nyembamba zilizooka kwa joto la injini miaka na miaka. Betri inaonyesha volti 12, lakini weka mita kwenye honi yenyewe huku mwenzako amebonyeza, utakuta 9, pengine chini ya hapo. Honi nyingi zinapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia boliti iliyozishikilia kwenye bodi, na hapo ndipo kutu hupenda kukaa. Magari yaliyopakwa rangi upya yana tatizo hili kuliko yote: rangi imeingia chini ya boliti, na rangi haipitishi umeme. Nyingine zinapata ethi kwa kupitia usukani, kwa hiyo fundi apime pande zote mbili, asiridhike na upande mmoja.

Mzee mmoja aliniletea pikapu yake pamoja na honi ya upepo aliyokwisha kuinunua, kompresa (pampu ya upepo) na mpira wake wa kupitisha upepo vyote vimo kwenye boksi. Nikamwambia, "Mzee, kabla sijakutobolea bodi, niruhusu nipime kwanza." Akakubali. Nilifungua boliti ya honi, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikabadilisha taminali iliyooza na kuvuta waya mpya. Alipobonyeza, honi ile ile ililia mpaka akashtuka mwenyewe. Boksi lake alirudi nalo halijafunguliwa.

Sisemi kwamba honi isiboreshwe. Pikapu nyingi za zamani zilitoka kiwandani na honi moja tu ya sauti moja, na barabara za leo zina kelele. Lakini boresha kwa kufunga honi mbili, moja ya sauti nene na moja ya sauti nyembamba. Sauti mbili zikilia pamoja zinapenya kelele kuliko moja. Pamoja zinaweza kula ampea 10 hivi, kwa hiyo hapa rilei ni lazima. Vuta waya mnene kutoka betri hadi pini namba 30 ya rilei, kisha pini 87 iende kwenye honi. Waya wa zamani wa honi unabaki na kazi ya kuiamsha rilei tu, kupitia pini 85 na 86, na kazi hiyo haifiki hata nusu ya ampea. Swichi ya usukani inapumua. Fyuzi ya ampea 15 au 20 ikae karibu kabisa na betri, maana waya usio na fyuzi ukisuguana na chasisi unaweza kuteketeza gari zima. Nimeona nyaya zimeyeyuka kwa sababu fundi aliona fyuzi ni usumbufu, na bado naumia nikikumbuka.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulidharau. Kile kibati chembamba kinachoshika honi kimetengenezwa kiwe na mnyumbuko, ili honi itetemeke kwa uhuru. Ukikitupa na kuibana honi moja kwa moja kwenye chuma cha bodi, sauti inakufa. Honi za umbo la konokono midomo yake itazame chini, maji yasituame ndani. Na zikae nyuma ya shoo ya mbele (ule wavu wa mbele ya gari), zisifichwe pembeni ambako bodi inameza sauti.

Wenye pikapu za Marekani za mwanzoni mwa miaka ya 1950 wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa nyingi zilikuwa za volti 6, si 12. Na kama usukani una mfuko wa hewa, usiufungue mwenyewe.

Sasa honi ya upepo. Kompresa yake peke yake inaweza kula ampea 15 hadi 20. Anayeiunga kwenye waya wa honi ya zamani anaunguza swichi. Ila kinachonisumbua zaidi ni mtu aliye barabarani. Mwenda kwa miguu anayesikia lori nyuma yake anaruka kwa jinsi anavyoruka mtu aliyesikia lori, pengine moja kwa moja kwenye njia ya pikipiki. Kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa kuhusu honi za magari inataka sauti ikipimwa mita 7 mbele ya gari isipungue desibeli 93 wala isizidi 112. Honi mbili nzuri za umeme zilizofungwa sawasawa zinaingia humo bila shida. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani nao unasema honi ni ya kuepusha ajali, au kumwonya unayetaka kumpita nje ya maeneo ya makazi, na isipigwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mafundi wenzangu, mteja akija na honi mkononi, mpimieni volti kwanza mbele ya macho yake. Tozeni gharama ya kupima, ni kazi halali. Na nyinyi wenye magari, msione uchungu kumlipa fundi aliyewaambia kwamba honi yenu ni nzima.

Wako,
Fundi umeme wa magari