Usiipeleke ile orodha kwanza

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa ukimya wangu. Sisi wazima, mguu wa mama umepona, na yale ya shemeji nitakusimulia tukionana maana hayaandikiki. Leo nina haraka na jambo moja tu: ile orodha ya hesabu ya ndege niliyokupa Jumapili, kama bado iko kwako, usimpe Mwalimu. Kama umeshampa, tafadhali mwombe asiiingize kwanza kwenye lile daftari lake kubwa.

Ni ule mstari wa Calidris alpina, wale ndege wadogo wa tope la pwani, 41. Sina hakika nao tena na umeninyima usingizi.

Juzi nilirudi palepale, safari hii maji yakijaa. Unakumbuka Jumapili yalikuwa yanapwa, ndege wako mbali kule kwenye ukingo wa tope na jua linanipiga usoni. Juzi maji yaliwasogeza wenyewe mpaka karibu yangu, jua likiwa mgongoni. Nikaanza kuwahesabu upya. Nimefika ishirini na kitu, mbwa wa mtu akatokea mbio, kundi zima likaruka. Walipogeuka ndipo nikaona: wengi wao wana weupe mtupu pale juu ya mkia. Alpina ana mstari mweusi unaoukata weupe huo katikati. Ferruginea, ndugu yake anayefanana naye, hana. Kwa hiyo hao niliowaona wakiruka walikuwa ferruginea, na mimi nilishawaandika wote alpina, tena kwa wino.

Tatizo langu siku ile niliutegemea mdomo peke yake. Nilijiambia mrefu uliopinda ni ferruginea, mfupi ni alpina, basi. Lakini majike ya alpina yana midomo mirefu kuliko madume, na zipo jamii zake zenye midomo mirefu kuliko jamii nyingine, kwa hiyo katikati pale wanaingiliana vibaya. Kinachosaidia ni umbo zima na mwendo. Ferruginea ana shingo na miguu mirefu zaidi, mstari mweupe juu ya jicho unaonekana vizuri, na haogopi kuingia majini mpaka tumbo liguse. Alpina amejikunyata, kichwa kimezama mabegani, utadhani anatafuta sindano iliyomdondoka. Ukimtazama dakika tano bila kuharakisha kumpa jina, unaanza kumjua.

Na majira haya ndiyo magumu kupita yote. Ungewakuta kule kaskazini mwezi Juni hata mtoto angewatenganisha: ferruginea mwekundu kama tofali, alpina na baka lake jeusi tumboni. Saa hizi wote wamevua manyoya yao ya rangi, kijivu juu, nyeupe chini. Rangi haikuambii kitu.

Nisisahau picha yako. Uliniuliza kama ni minuta au temminckii, wale Calidris wadogo zaidi, ukaniambia miguu ni myeusi kwa hiyo ni minuta. Huenda ni kweli, ila angalia tena: yule amesimama kwenye tope bichi, na tope hutia weusi miguu ya ndege yeyote. Temminckii ana miguu ya kijani-njano, lakini mpaka ioshwe. Ningependa zaidi kujua alikuwa anafanya nini. Minuta hatulii, anakimbia huku na huku akidonoa juujuu kama cherehani. Temminckii ni mpole, anatembea taratibu kando ya majani, hasa penye maji baridi, na akiruka utaona weupe pembeni mwa mkia. Picha haionyeshi hayo, wewe uliona. (Na ule mwili wa gramu 25 hivi, kufika mpaka Siberia na kurudi! Kila nikifikiri hivyo nashusha darubini kidogo.)

Wale weupe waliokuwa wanafukuzana na mawimbi hawana shaka, ni Calidris alba. Hakuna mwingine anayekimbia hivyo, na ukimpata karibu utaona hana kidole cha nyuma. Hao 17 waache kama walivyo.

Narudi kwenye 41 yangu. Najua utasema ni mstari mmoja tu, nani atauona. Mwalimu atauona, na hata asipouona mimi siwezi kuuacha. Ferruginea wanapungua. Mwaka 2024 walisogezwa daraja moja zaidi kuelekea hatari kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi. Halafu idadi yao hupanda na kushuka kwa sababu za mbali kabisa na sisi: huko Siberia wanakotagia, mwaka ambao lemingi, wale panya wa kaskazini, ni wachache, mbweha hugeukia mayai na makinda, na msimu unaofuata huku unakuta makinda hakuna. Sasa mtu akija kusoma daftari akaona mwaka huu ferruginea sufuri pale kwetu, atajiuliza wameliwa na mbweha, kumbe wameliwa na kalamu yangu. Hilo silitaki.

Kwa hiyo naomba ufute alpina, uandike: Calidris, hawakutambuliwa, 41. Usiandike ferruginea 41, maana Jumapili sikuwaona wakiruka na huenda alpina walikuwemo kweli. Mwalimu hapendi mstari wa aina hiyo, namjua, atanuna. Mwambie ni mimi.

Kitu kingine kabla sijasahau: mmoja wao juzi alikuwa na kibendera cha watafiti mguuni, nadhani mguu wa kulia, juu ya goti. Nilipata rangi, ya njano, herufi sikuziwahi kwa ajili ya yule mbwa. Inaniuma mpaka sasa.

Sasa nijibu. Orodha iko wapi, kwako au kwa Mwalimu? Yule wa kwenye picha alikuwa peke yake au na wenzake, na aliporuka alipiga kelele gani? Upande wako umeona ferruginea wangapi, na uliuona weupe juu ya mkia au umekisia kwa mdomo kama mimi? Ile darubini kubwa ya miguu mitatu bado mnayo? Bamvua ijayo unaweza kuja nayo, tukae pale tangu maji yakianza kujaa, tumtafute mwenye kibendera?

Nijibu upesi, hasa lile la kwanza.

Wako daima,
Mimi