Mafunzo kwa kina mama tunashukuru, ila mtoto anabaki na nani?

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee haya mashirika yanayosaidia wanawake kuingia kazini au kurudi kazini baada ya kuzaa. Mi ni fundi cherehani, nafundisha ushonaji huku Mbagala kwenye miradi ya mashirika tofauti tofauti, kwahiyo naongea kitu nachokiona kwa macho. Niseme mapema kwamba hayo mashirika nayaheshimu sana, kuna mabinti wameshika hela yao ya kwanza maishani kupitia hayo mafunzo na wengine wamejinasua kwenye mikopo ya kausha damu. Ila kuna jambo linajirudia mradi hadi mradi na linaniumiza, bajeti inakuwa na kila kitu isipokuwa mtoto.

Cherehani zipo, vitambaa vipo, mkufunzi yupo, chai ya saa nne ipo, tisheti na bango la uzinduzi na mgeni rasmi vyote vipo. Alafu darasa linaanza na mama amekuja na mtoto wa miezi kumi mgongoni kwasababu hana pa kumwacha. Siku za mwanzo anavumilia. Mtoto akishushwa anatambaa mpaka chini ya cherehani, anaona ile pedeli inapanda na kushuka anataka kuishika, mama anatoa mguu haraka asimbane vidole, mshono unapinda, anafumua, anaanza upya. Wenzake wameshafika kwenye kupachika mikono ya gauni yeye bado anahangaika na pindo. Baada ya muda humuoni tena. Ukimpigia anakwambia mwalimu mtoto ana homa, au jirani aliyekuwa anamshikia kapata msiba kasafiri, au nauli imekata. Kwenye ripoti ya mradi anaandikwa ameacha mafunzo, na kwenye kikao mtu anasema hawa kina mama hawana nia. Mtu aliyepanda daladala ya asubuhi kutoka Mbande na mtoto mgongoni watu wamebanana mpaka mlangoni, huyo nia anayo tena kubwa kuliko yetu sisi tunaomjadili.

Na hili sio langu peke yangu. Nairobi, mtaa wa Korogocho, watafiti walichukua kina mama wenye watoto wadogo, baadhi wakapewa vocha ya kumpeleka mtoto dei kea na wengine hawakupewa, alafu wakafuatilia. Matokeo yakachapishwa 2019. Waliopewa vocha uwezekano wao wa kuwa na kazi ulikuwa juu kwa pointi 8.5 za asilimia ukilinganisha na wale wasiopewa, yani kilichobadilika ni kwamba mtoto alipata pa kukaa mchana. Na kwa singo maza ilikuwa na kingine, walipunguza masaa ya kufanya kazi bila kipato kushuka, kwasababu waliweza kuhamia kwenye kazi zenye muda unaoeleweka. Hicho kipande ndo kilinigusa zaidi maana nawajua wa huku kwetu, leo anafua nguo za watu, kesho anakaanga mihogo, keshokutwa hana kitu, sio kwamba anapenda kuhangaika, ni kwamba hizo ndo kazi pekee zinazomruhusu kuwa na mtoto pembeni.

Tukumbuke pia hawa wanaojaa kwenye madarasa yetu ni kina nani. Kabla ya Novemba 2021 binti akipata mimba akiwa shule ya serikali alikuwa anafukuzwa, na baada ya tamko la rais la 2017 ndo mlango ukafungwa kabisa. Zuio likaja kuondolewa wakati Profesa Joyce Ndalichako akiwa waziri wa elimu, na kwakweli tulifurahi. Lakini yule aliyefukuzwa miaka ile kabla ya 2021 leo ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, ana mtoto mmoja au wawili, hana cheti cha fomu foo, na kila tangazo la kazi linaanza na cheti cha fomu foo. Huyu alishaondolewa darasani mara moja kwa sababu ya mtoto. Sasa sisi tunamuita tena darasani alafu mazingira yetu yanamtoa kwa sababu ileile, hapo ndo roho inaniuma.

Mfano mzuri tunao hapahapa nchini. Kuna shirika linaitwa Karibu Tanzania Organization, wengi wanalijua kama KTO, wana programu ya Elimu Haina Mwisho ambayo inafanyika kwenye vyuo vya maendeleo ya wananchi, hivi tunavyoviita FDC. Hivi vyuo vilianza 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya aina hiyo kule Sweden na vya serikali viko 54. Binti aliyekatisha masomo anasoma sekondari, anajifunza ufundi, ujasiriamali na stadi za maisha, na kwenye vyuo wakaweka vituo vya watoto. Mama anaingia darasani mtoto yuko hapohapo chuoni na mlezi, muda wa kunyonyesha ukifika anaenda ananyonyesha anarudi. Nani atasema huyo hana nia? Kenya nako kuna shirika linaitwa Kidogo, wao wanawafundisha kina mama wenye dei kea za mitaani namna ya kulea vizuri na kuendesha kituo kama biashara, kwahiyo mama mmoja anapata kazi ya ulezi na wengine wanapata pa kuacha watoto waende kwenye shughuli zao.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba wafadhili hawapendi kulipia dei kea, wanataka kuona cherehani na vyeti. Nakubali ni kazi kuwashawishi. Lakini hesabu ya kumfundisha mtu nusu kozi akaishia njiani nayo ni hela imepotea, na inapotea kila awamu. Chumba kimoja chenye mikeka, choo kisafi, maji, uji, na walezi wa mtaani waliopewa mafunzo na kulipwa vizuri, na kituo kikasajiliwa kupitia ustawi wa jamii kama inavyotakiwa. Sio kitu cha bure, ila ukikiweka kwenye bajeti kuanzia mwanzo hakishindikani. Na wasikifunge siku ya mahafali, maana miezi ya mwanzo kazini ndo migumu kuliko yote, mshahara bado, nauli ya kila siku inatakiwa, na mtoto bado mdogo vilevile.

Kwa wale wanaorudi kazini baada ya uzazi nina la kuongeza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, ukizaa zaidi ya mmoja kwa pamoja ni 100, na ukirudi kazini una haki ya mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wanafunzi wangu wengi nikiwaambia hili wanashangaa, hawajawahi kulisikia popote, wengine walishaacha kazi wenyewe wakidhani kuzaa ndo mwisho wa mkataba. Mashirika yatenge hata nusu siku kulifundisha. Ila tuambizane ukweli, hizo saa mbili zina maana gani kama kazi iko Ubungo na mtoto yuko Mbande? Kwenda tu na foleni ya Kilwa Road zimeisha. Haki ya kunyonyesha inahitaji mtoto awe karibu, tunarudi palepale kwenye dei kea.

Vyeti nitagusia tu. Cheti cha ushiriki chenye nembo ya mradi wenye viwanda hawakiangalii. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu aliyejifunza kazi mtaani anapimwa kwa vitendo na akifaulu anapata cheti kinachotambulika. Shirika likimlipia mwanafunzi huo upimaji limemsaidia kuliko tisheti kumi.

Nawaomba viongozi wa mashirika na maafisa maendeleo ya jamii wa kata mlisome hili na muda wa kuandika andiko la mradi tuiteni na sisi tunaokaa na hawa kina mama darasani. Fomu za kujiunga na kozi nazozijua mimi zinauliza jina, umri, kata, elimu na namba ya simu. Iongezwe sehemu ya kuuliza una mtoto wa umri gani na mchana anabaki na nani, na majibu yake yapelekwe kwa mtu wa bajeti kabla cherehani hazijanunuliwa.

Mwalimu wa ushonaji,
Mbagala, Dar es Salaam