Barua kwa Sudi: hiyo 110 usiiuze

Dar es Salaam

Ndugu yangu Sudi,

Salamu sana. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotunyanyasa. Picha zako zote nimezipata, za ile Subaru STI ya bluu, Impreza ya mwendo mkali, uliyoonyeshwa Nairobi, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa kwenye foleni ya Mandela, nikawa nacheka peke yangu mpaka konda wa daladala ya pembeni akaniuliza kulikoni. Umeniuliza mambo mawili: uiuze Corolla 110 yako uongezee hela, au la, na hawa jamaa zangu wa huku wenye magari makali, kabla ya hayo waliendesha nini. Jibu la swali la kwanza limo ndani ya la pili, kwa hiyo nivumilie nianzie huko.

Yule wa Tabata unamkumbuka, mwenye STI nyeusi. Watu wakimwona leo wanadhani alizaliwa ndani ya ile gari. Mimi nilimjua akiwa na Starlet, EP82 ya kawaida, injini ya 1.3, gia za mkono, kioo cha nyuma kinapandishwa kwa kukisaidia na kiganja. Wala haikuwa ile ya tabo, yaani turbo ya kuiongezea injini nguvu, ambayo vijana walikuwa wakiigombania. Siku moja tulitoka Mombo kupanda Lushoto, unaijua ile barabara, kama kilomita 33 za kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Nikakaa naye mbele.

Sasa kile kigari ukikipotezea mwendo kwenye kona hakikurudishii. Unakanyaga mafuta mpaka chini, injini inapiga kelele, na lori la viazi linakuacha. Kwa hiyo jamaa alikuwa anafanya hivi: breki mapema, gari likiwa bado limenyooka; gia ya pili inaingia kabla ya kona, si ndani yake; kisha mguu unaachia breki polepole na anarudi kwenye mafuta kidogo kidogo akiwa ameshaliona tokeo la kona. Mikono haihangaiki. Usukani anaugeuza mara moja na kuuacha hapo. Hakuna mtu aliyemfundisha. Ile 1.3 ndiyo iliyokuwa inamkatalia kila akikosea, hadi akaacha kukosea. Miaka ikapita, akapata STI, tukarudi Lushoto. Mikono ni ileile, mguu ni uleule, tofauti yake ni kwamba tulifika juu kabla sijamaliza kulalamika kuhusu viti vyake vigumu.

Kisha yupo kijana wa Mbezi. Mtoto mzuri, mkarimu, hela anayo. Yeye alitoka kwenye Vitz ya otomatiki akaingia moja kwa moja kwenye STI inayolingana na ya Tabata kwa kila kitu, hata toleo. Klachi ya kwanza aliiunguza kwenye mlima wa kutokea kwao, akiwa ameizuia gari kwa klachi badala ya breki ya mkono. Kwenye kona anaingia kwa kasi, anashtuka, anakanyaga breki katikati, gari linainamisha pua, kisha anafungulia tabo kufidia. Tairi za mbele zinaliwa ukingoni mpaka nyuzi zinaonekana. Na bado anauliza jamaa wa Tabata amechezea nini kwenye kompyuta ya gari. Hajachezea kitu.

Sisemi Vitz ni gari baya. Mke wangu anayo, na siku magari ya waheshimiwa yako juu ya mawe, hiyo Vitz ndiyo inayotubeba sote kwenda mtaa wa Gerezani kutafuta spea. Ninachosema ni kwamba haimwambii dereva kitu. Unakanyaga, inakwenda, unaachia, inasimama.

Ila aliyenifurahisha kuliko wote ni daktari mmoja wa meno wa Mikocheni, dada mtu mzima, sauti ya chini. Alikuwa na Mark II, GX100, ile laini kama kochi, na akaipenda kwa sababu ambayo wenye Mark II wengi hawaijui: tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Siku za mvua alikuwa anaisikia mgongoni ikitaka kuteleza, anaituliza, anacheka. Kwa hiyo alipoanza kutafuta gari lake la ndoto hakuhangaika na nguvu za farasi. Alitaka Toyota Altezza RS200, gia sita za mkono. Basi.

Madalali wakamletea Altezza moja baada ya nyingine. Zote zina mwili uleule, na ile dashibodi yenye saa ndogo ndani ya saa kubwa inayowachanganya watu. Yeye anafungua boneti. Akiona silinda sita zimepangwa mstari, anafunga na kusema asante. Hiyo ni AS200, injini ya 1G, farasi 160, gari zuri la kwendea harusini. RS200 ina silinda nne tu, 3S-GE, lakini inatoa 210 bila tabo, ukiiacha ipande juu kwenye mizunguko. Mhandisi mkuu wa Altezza, Nobuaki Katayama, alishiriki pia kwenye ile Corolla AE86 ya miaka ya 80, ndiyo maana ina tabia ile ya gari dogo lenye mgongo mwepesi. Mmoja wa madalali alimwambia, "Lakini dada, sita si zaidi ya nne?" Akamjibu kwamba meno pia si idadi. Alisubiri karibu mwaka mzima hadi ya kwake ikashuka bandarini.

Unaona ninakoelekea. Katika watu wote hawa, gari la mwanzo ndilo lililomchagulia mtu la pili, au ndilo lililomnyima uwezo wa kulichagua. Na wewe kwenye ujumbe wako umesema mara kadhaa kwamba unaionea haya 110 mbele ya wale wa Nairobi. Haya ya nini? Mzee wako, Mungu amrehemu, ndiye aliyetusimulia barazani habari za Joginder Singh, dereva wa rali wa Kenya. Mashindano ya Safari Rally ya 1965 Joginder na nduguye Jaswant waliishinda na Volvo PV544 iliyokwishatumika, mkono wa pili, ambayo mwaka uliotangulia Tom Trana wa Uswidi alikuwa ameshindana nayo kwenye mashindano yaleyale. Mtumba! Wala hatusemi sana juu ya Colin McRae ambaye picha yake unayo ukutani. Huyo kabla ya kuwa bingwa wa dunia wa rali wa 1995 na Impreza alianza na Talbot Sunbeam, akaenda kwenye Vauxhall Nova, vigari ambavyo huko kwao Uskoti watu walikuwa wakiendea sokoni. Na kabla hajaishinda Safari ya 1997 na Impreza, Subaru walimleta Kenya 1993 na Vivio, kijigari cha injini ya cc 660. Yeye hakumaliza. Patrick Njiru wenu alimaliza, akiwa na Vivio ya aina hiyohiyo. Sasa niambie 110 ina aibu gani.

Tuje kwenye hiyo ya bluu.

Kwanza jua mnapotofautiana na sisi. Huku mtu akitaka STI ya 2004 anaagiza Japani. Atalia na ushuru wa uchakavu forodhani, lakini gari litaingia. Kenya gari likizidi miaka minane haliingii kabisa. Maana yake STI zote za umri huo mlizonazo zimeingia zamani na mnarithishana wenyewe kwa wenyewe, na kila mrithi ameacha alama ya bisibisi yake. Kwa hiyo usimuulize muuzaji gari limetembea kilomita ngapi. Muulize limepitia mikono ya nani, na waliolimiliki wale waliendesha nini kabla. Ukisikia "alikuwa na Vitz", kagua klachi mara mbili. Nakutania, lakini si sana.

Pili, mlio. Najua wewe ulipenda Subaru kwa sababu ya ile Impreza ya mjomba wako, ule mlio wa kukoroma uliokuwa ukituamsha Kizingo, Mombasa. Mlio ule unatokana na mabomba ya eksozi yasiyolingana urefu: moshi wa silinda za upande mmoja unachelewa kufika kuliko wa upande wa pili, ndipo unapata ile duf-duf. Lakini STI za soko la Japani kuanzia za mwishoni mwa 2002 zilibadilishiwa tabo, ikawa ya kupokea moshi kwa njia mbili, na mabomba yakafanywa kulingana. Zinalia laini zaidi. Kwa taa zake hiyo ya kwenye picha si ile ya mwanzo yenye taa za duara, ni ya baadaye. Hivyo ukiiwasha na ikakoroma kama ya mjomba, usifurahi. Uliza nani alifungua mabomba, na tabo iliyofungwa humo ni ya gari gani. Na isipokoroma, jiulize wewe mwenyewe kama bado unaitaka. Afadhali ujiulize ukiwa Nairobi, kabla hela haijatoka mfukoni.

Tatu, mafuta. Injini zile zilipangiwa mafuta ya Japani ya daraja la juu, oktani karibu 100. Kwenye pampu zetu, huku hata huko kwenu, kitu hicho hakipo. Kama hakuna aliyeipanga upya kompyuta ya gari kwa mafuta tunayotumia, injini inagonga chinichini, yaani mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda, bila wewe kusikia kwa sababu ya muziki, mpaka pistoni inavunjika kingo. Peleka fundi wa Subaru hasa, si fundi wa kila kitu, apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne ukimwangalia. Namba zikiachana sana, shukuru, ondoka. Aangalie pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Subaru wanasema kila kilomita 100,000, na ukikatika, vali na pistoni zinakutana, injini imekwisha. Mwenye gari akikuambia "huo bado mzima" bila karatasi, uhesabu haujabadilishwa. Kubadili plagi tu kwenye injini ile ni kazi ya kuingiza mkono ubavuni usipoona kitu, kwa hiyo na bei ya fundi nayo iweke kwenye mahesabu.

Ndiyo maana nasema 110 usiiuze. 110 yako ina farasi 100, hiyo ya bluu ilitoka kiwandani na 280. Siku hiyo ya bluu itakapokuwa imefunguliwa matumbo gereji ikisubiri gasketi kutoka Nairobi, na siku hiyo itakuja, utahitaji kitu cha kukupeleka kazini. Na kama hela haitoshi bila kuiuza, basi hela haitoshi. Gari lenyewe ndiyo kwanza linaanza kula siku unayolinunua.

Kama unataka ushauri wangu mwingine, ambao hukuuomba: hiyo 110 yako ni otomatiki. Tafuta kwanza kigari chochote cha gia za mkono, hata cha kuazima, ukae nacho mpaka mguu wa kushoto usahau kwamba unafanya kazi. Yule binamu yako wa Changamwe mwenye Corolla DX, ile KE70 ya tairi za nyuma, bado anayo? Gari lile kwa shule halina mpinzani, halina usukani wa pawa, halina kitu cha kukudanganya, na kila kokoto unaisikia kwenye vidole. Ukiweza kuteremka nalo Mazeras kwenye mvua bila kutokwa jasho, hiyo STI utaielewa.

Mimi bado niko na Corolla yangu ileile na kijitabu changu cha akiba, na unajua kinachosubiriwa ni kipi. Roadster ya Mazda, ile ya mwanzo, taa za kufunguka. Shemeji yako anasema viti viwili watoto wataning'inia wapi. Sijapata jibu.

Mama mpe shikamoo yangu, shemeji na watoto wasalimie wote. Ukishampeleka fundi nitumie zile namba nne za kompresheni kabla hujamtamkia mtu bei, na umuulize binamu yako kuhusu DX, maana kama ameichoka mimi nitapanda basi la Horohoro wiki hiyohiyo.

Wako,
Nduguyo wa Dar