Kuta za Knap of Howar si za kupandwa

Ndugu Mhariri,

Ni msomaji wenu wa miaka nenda miaka rudi na sijawahi kuwaandikia, lakini makala yenu kuhusu kisiwa cha Papa Westray, huko Orkney, kaskazini mwa Uskoti, imenishinda kunyamazia. Karibu safu yote mmeimalizia kwenye ile ndege inayoruka dakika mbili tu kutoka Westray, kisiwa jirani. Nyumba za Knap of Howar mkazipa sentensi moja, na picha ya kijana aliyesimama juu ya ukuta, kanyoosha mikono!

Nyumba hizo mbili ni miongoni mwa nyumba kongwe kabisa za mawe zilizobaki Ulaya ya kaskazini. Zina zaidi ya miaka 5,000; watu walipika na kulala humo karne nyingi kabla ya piramidi za Giza. Kuta ni mawe matupu yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, katikati yakashindiliwa taka za jikoni. Zilipojengwa, bahari ilikuwa mbali. Sasa mawimbi yanapiga hatua chache tu kutoka mlangoni.

Mimi naishi Uskoti na nimefika pale. Mlango ni mfupi, unaingia umeinama, na jiwe la kusagia bado liko sakafuni, limelika katikati. Nikiwa ndani nikasikia mawe yakikwaruzana juu: baba mmoja anampandisha mwanawe ukutani ampige picha. Nikamwomba amshushe. Akanijibu eti ukuta uliosimama miaka yote hiyo hauwezi kuanguka leo. Jiwe lilikuwa limeshadondoka, naye akalisukuma majanini kwa ncha ya kiatu, akaendelea kupiga picha! Mahali hapo panalindwa kisheria, lakini hapana mlinzi. Adabu ya mgeni ndiyo ulinzi wenyewe, nanyi mnawafundisha maelfu ya wasomaji kuitupa.

Halafu Links of Noltland, mahali pengine pa kale kwenye kisiwa hicho jirani cha Westray, mbona hamjapagusa? Upepo unapeperusha mchanga na kuziacha nyumba za kale wazi. Hapo ndipo ilipopatikana, mwaka 2009, sanamu ndogo ya mtu, kongwe kuliko zote zilizowahi kuonekana Uskoti.

Naomba picha ya yule kijana iondolewe leo. Badala yake wekeni ya mlango na jiwe la kusagia, ukubwa uleule, na chini yake kwa herufi nzito: usipande ukutani, usihamishe jiwe.

Msomaji wenu,
Aberdeen, Uskoti