Msikiite gemu kibanda cha ishara

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipostaafu na sijawahi kukuandikia. Habari ya Jumapili iliyopita, ile ya vijana wa hapa Mbeya wanaoigiza kwenye kompyuta kibanda cha ishara za reli, yaani kile anamokaa mtu wa kuvuta nyenzo za kuipa treni njia au kuizuia, imenishinda kunyamaza. Mwandishi wako kaiita "gemu la treni" mara nne, kisha akamalizia kwamba programu wanayotumia ni ya bure, haina mwenyewe, hivyo si ya kuaminiwa. Mmoja wa vijana hao ni mjukuu wangu, na jedwali lililomo ndani ya kompyuta hiyo, la kueleza wenzo upi unauzuia upi, nimeliandika mimi.

Programu huria, ile ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, ina wenyewe na ina masharti. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, na kilichogombewa kilikuwa programu ya reli hasa: JMRI, ya kuendeshea reli za mfano. Mahakama ikasema masharti ya leseni huria yanalindwa na sheria ya hakimiliki. Kama hilo halitoshi, Crewe kule Uingereza wamehifadhi kibanda kizima cha Exeter West, nyenzo zake zinavutwa kwa mkono kama zamani, na treni zinazopita ni za kompyuta. Hakuna anayewacheka.

Gemu ukikosea unaanza upya. Kibandani, ukiwa umefungulia treni njia ya kwanza, wenzo wa ishara ya njia inayoikata haukubali kuvutika hata mje watu watatu, kwa sababu chini ya sakafu kuna vyuma bapa vyenye makato, na kila kato linajua linamzuia nani. Waingereza walilazimishana kuvifunga vyuma hivyo kwenye njia zote za abiria kwa sheria ya mwaka 1889, baada ya watu 80 kufa kwenye ajali ya treni ya Armagh, Ireland, mwezi Juni mwaka huohuo.

Sasa nikueleze kilichonipata. Mwaka juzi nilisafiri na mjukuu wangu kwenda stesheni moja niliyofanyia kazi ujanani, nimwonyeshe kibanda. Tulikuwa tukishika nyenzo kwa kitambaa, jasho lisije likatia chuma kutu, na vishikio vikang'aa kama vijiko vya harusi. Nilikuwa nimebeba kitambaa mfukoni, kipya, nimekinunua Mwanjelwa kwa ajili hiyo. Tukakuta kijana ana mtungi wa gesi, anakata. Nyenzo zimelazwa nje kwenye nyasi kama mabua, na vile vyuma vya makato vimekwisha kukatwa vipande vya kuingia kwenye kiroba. Nikamwomba asubiri nusu saa tu nichore mchoro. Akaniuliza, "Mzee, kwani na wewe unanunua?" Nikaenda kwa mkubwa wake, akanijibu bila kuinua macho kwamba vyuma vimeshauzwa kwa kilo. Kwa kilo! Kazi ya mafundi waliofikiria kila njia ambayo mtu aliyechoka saa tisa usiku anaweza kukosea, wakaiziba kwa tupa na nyundo, imepimwa kwenye mizani ileile ya masufuria yaliyotoboka. Mjukuu wangu alinishika mkono akasema, "Babu, twende, utaniandikia." Kitambaa kile ninacho hadi leo, hakijakunjuliwa.

Na hawa wa vyuma chakavu hawaishii relini. Kwenye mteremko mmoja wa barabara ya Tunduma kulikuwa na kibao cha kuonya madereva wa malori wapunguze gia. Kimebaki kisiki. Nani alikinunua? Mizani haiulizi.

Basi tukaliandika jedwali, mimi kwa kumbukumbu, yeye kwenye kompyuta. Ilituchukua miezi mitatu. Anagonga mezani kengele za Kiingereza, zile ambazo kibanda hupashia habari kibanda jirani: nne, treni ya haraka inaomba njia, mbili, imeingia, mbili kisha moja, imetoka, sita, hatari. Siku moja programu ikamruhusu avute wenzo namba 11 huku namba 8 ikiwa imevutwa. Nikasema hapana, haiwezekani. Kisha nikajiuliza: au iliwezekana, mradi namba 6 imerudishwa? Sikukumbuka. Wenzangu wa zamu wamekwisha kufa. Aliyekuwa na jibu ni lile kato, nalo liko kirobani. Kama ingekuwa programu ya kununua, iliyofungwa, hata kosa lenyewe tusingeliona liko mstari gani.

Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa dola bilioni 1.4. Nafurahi kwa moyo wote. Ninachoomba ni siku tatu kwa kila kifaa cha ishara kitakachong'olewa, Mlimba, Makambako, popote: mstaafu mmoja, vijana wawili, futi kamba, chaki na simu yenye kamera. Kila kato lipigwe picha likiwa bado mahali pake, namba iandikwe kwa chaki, jedwali liwekwe huria na nakala ipelekwe maktaba ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Gesi ifuate baadaye.

Mwandishi wako akitaka kuja, nipo kila Jumamosi asubuhi. Daftari nitampa alisome lote. Mstari wa namba 11 nimeuandika kwa penseli.

Mstaafu wa reli,
Soweto, Mbeya