Vishikwambi kumi na watoto wa kutoka Kongo

Uyole, Mbeya
14 Julai

Mpendwa Atupele,

Habari za Tunduma na vumbi lake? Huku baridi imekaza, ukungu hautoki mpaka saa nne.

Umeuliza vishikwambi kumi vitawafaaje wale watoto wa kutoka Kongo wanaoongea Kiswahili chao, Kifaransa wamekisoma, lakini kidato cha kwanza kimewakuta bila Kiingereza. Vitafaa ukivitumia kwa masikio na mdomo. Ukiwawashia video tu, watanyamaza saa nzima nawe utadhani wanajifunza.

Chagua hadithi ya sentensi nane hadi kumi. African Storybook wana nyingi, ni bure kupakua, na baadhi zipo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Isome mwenyewe polepole, ujirekodi kwenye kishikwambi. Mtoto asikilize mara mbili bila kuona maandishi, mara ya tatu afuatishe kwa kidole, kisha ajirekodi sentensi mojamoja na kulinganisha na sauti yako. Kaa nao dakika 15. Zikizidi 20 wanaanza kubonyeza ovyo. Wawili wawili kwa kishikwambi kimoja: mmoja asome, mwenzake ashike maandishi na kumkosoa. Una na watoto wa Zambia hapo, ambao Kiingereza si kigeni kwao. Wagawe, kila mmoja apate wa Kongo.

Programu za kutambua sauti usizifanye mwamuzi. Nyingi zimezoeshwa lafudhi za Marekani na Uingereza, hivyo mtoto aliyetamka vizuri kabisa kwa lafudhi yetu anaambiwa amekosea, na baada ya siku tatu hataki kufungua mdomo. Sikiliza mwenyewe. Aliyezoea Kifaransa humeza h, "house" ikawa "ouse", na "this" ikawa "zis". Tofauti ya "ship" na "sheep" inamsumbua, ila hapo hata sisi tumo.

Maneno yanayofanana ndiyo mtego mkubwa zaidi, kwa sababu mtoto hajui kwamba hajui. Akiona "library" anakumbuka librairie, ambayo ni duka la vitabu. "Lecture" kwake ni kusoma. "Journey" ataichukulia kuwa journée, yaani siku, kumbe ni safari. Wayaandike kwa mkono, kwenye daftari la maneno haya peke yake. Wakiandika insha kwenye kishikwambi, zima kwanza kusahihisha kwa kujiendesha kwenye kibodi. Vinginevyo utakuwa unasahihisha kazi ya kibodi.

Bando usilitegemee. Weka Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, kwenye kompyuta ya mkononi, iunganishe na ruta isiyo na intaneti, na kila kishikwambi kifungue anwani ya kompyuta hiyo, mwishoni ikiwa na :8080. Hotspoti ya simu itakuangusha: simu nyingi huishia vifaa 8 au 10, na kompyuta nayo inahesabiwa. Wa mwisho atabaki akipiga kelele kwamba chake kimeharibika.

Umeme upigie hesabu mapema. Betri ya mAh 5,000 ni kama wati-saa 18.5, ukiongeza unaopotea njiani, weka 25. Kumi ni 250. Paneli ya wati 100 inatosha siku ya jua kali, lakini kuanzia Novemba mvua zikishika hesabu nusu yake, uchaji vitano leo na vitano kesho.

Kinachokufa mapema ni tundu la chaji, si betri. Watoto huchomeka waya kwa nguvu na kukivuta kishikwambi ukiwa bado umo. Mteue mwanafunzi mmoja, yeye tu ndiye achomeke na kuchomoa. Likizo ikifika viache na chaji nusu, vimezimwa. Kikiisha kabisa na kukaa mwezi, kinaweza kuamka na tarehe ya zamani, na kumbukumbu za nani kafika wapi zikavurugika. Rekebisha saa kabla hawajaingia.

Anza na vitatu wiki ya kwanza, saba vibaki kabatini, uniandikie kilichogoma.

Ndaga fijo,
Tumaini