Kabla hujanunua skrini mpya, soma ile inayoandika ovyo

Wateja wengi hutuletea skrini ya kiwandani wakiwa wameshaikatia tamaa. Mashine inafanya kazi, PLC (kompyuta ndogo inayoiendesha mashine) haina taa ya hitilafu, lakini pale panapotakiwa kuonekana uzito au idadi ya mifuko pamejaa alama zisizosomeka. Tukiiunganisha skrini hiyo na kompyuta yetu, mara nyingi inaandika bila shida. Ubovu uko kwenye mawasiliano, na yale maandishi ya ovyo yenyewe huonyesha ni wapi. Kwa hiyo usizime kwanza. Piga picha.

Angalia tarakimu. Kama 0, 3, 5, 6 na 9 zinatoka sawa ila 1, 2, 4, 7 na 8 zinageuka vitu vya ajabu, tatizo ni mpangilio wa pariti, ile biti ya ziada ya kukagua makosa. Herufi ya ASCII, yaani orodha ya kawaida inayoipa kila herufi namba yake, ina biti 7, kila moja ikiwa 0 au 1. PLC iliyopangwa kwa pariti shufwa huongeza biti ya nane ili jumla ya moja zilizomo iwe shufwa. Tarakimu 3 tayari ina moja nne, hivyo hupita ilivyo. Tarakimu 1 ina tatu, kwa hiyo huongezewa ya nne. Skrini inayosubiri biti 8 bila pariti huihesabu nyongeza hiyo kama sehemu ya herufi. Panga pande zote mbili sawa na kazi imekwisha, bila kununua chochote. Ikiwa hakuna hata herufi moja iliyo sahihi, anza na kasi: huenda upande mmoja uko biti 9600 kwa sekunde na mwingine 19200.

Maneno yanayosomeka lakini yamepinduka ni habari nyingine. “TAYARI” ikitokea kama “ATAYIR”, nyaya hazina kosa lolote. PLC nyingi huhifadhi herufi mbili katika rejista (chumba cha kumbukumbu) moja ya biti 16, na hapa imetanguliza ile ya pili. Hiyo ni kazi ya programu. Vivyo hivyo uzito wa kilo 65 unapoonekana kama herufi A: namba imetumwa ghafi, haikubadilishwa kwanza kuwa tarakimu za maandishi.

Kiswahili kina bahati hapa, maana herufi zake zote zimo ndani ya ASCII. Kinachosumbua ni ng’ ya ng’ombe. Ujumbe ukinakiliwa kutoka programu ya kuandikia barua, kile kialama huwa kimepinda, na kilichopinda hakimo katika ASCII. Kiandike upya kwa kialama kilichonyooka.

Skrini isiyoonyesha kitu inahitaji mita. Chomoa kebo, weka mita kwenye volti za DC, kisha pima kila pini ya data dhidi ya pini 5 kwenye plagi ya pini 9. Kwenye RS-232 (aina ya muunganisho wa data) iliyotulia, yaani isiyotuma kitu, pini inayotuma huwa na volti hasi, kwa kawaida kati ya 5 na 12. Kama kebo imekutanisha pini inayotuma na nyingine inayotuma, nyaya za 2 na 3 zinatakiwa kupishana. Nyaya zikiwa sawa, hakikisha PLC inamalizia ujumbe kwa alama ambayo skrini inaisubiri, mara nyingi ile ya namba 13 katika ASCII. Tunakuta mafundi walioandika tarakimu 1 na 3 badala ya alama yenyewe, na skrini ikaendelea kusubiri.

Skrini inayoandika vizuri kisha ikaganda huenda imezidiwa. Kwa kasi ya 9600 hupita takriban herufi 960 kwa sekunde, na PLC inayotuma ujumbe mzima katika kila mzunguko wa programu hujaza ghala la kupokelea la skrini. Tuma pale thamani inapobadilika tu.

Kuhusu umbali hatubembelezi. RS-232 ni ya takriban mita 15. Skrini ikiwa upande wa pili wa kiwanda, tunafunga RS-485, inayofika hadi mita 1200, pamoja na kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 120 kila mwisho, na kebo yake tunaitenga na nyaya za inveta (kidhibiti kasi) ya mota.

Ukitaka tukusaidie kabla ya kufunga safari, tutumie picha ya maandishi yanayoonekana, aina ya PLC, na picha ya plagi zote mbili zikiwa wazi.